Siku Kumi Zisizokuwapo

Mwaka ninaoujua vizuri kuliko yote si ule niliozaliwa. Ni 1582.

Uliniangukia mikononi mwaka 2013, katika duka la simu mjini Durban ambako kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua na fomu zao. Msichana mmoja alileta kazi yake ya shule, nikaichapisha, taksi yake ikapiga honi nje, akasema anarudi sasa hivi. Hakurudi. Zikabaki kurasa nne za Kiingereza: matukio ya mwaka ule, waliozaliwa, waliofariki. Nilizitunza chini ya kaunta kwa juma zima, kisha nikazibeba nyumbani kama kitu cha wizi.

Shule niliiacha mapema. Nilichokijua nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na kwa hofu ya kukosea. Nikaanza kuzitafsiri zile kurasa kwenye daftari. Nikikosea herufi moja sikufuta. Nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Mchana, wateja wakipungua, niliendelea dukani. Fundi wa simu, kaka mmoja Mrundi aliyekaa meza ya pembeni na bisibisi zake, alichoka kuniona hivyo.

"Dada, hao watu wako walishakufa wote. Hudumia walio hai, iko mteja hapa."

Ni kweli walikuwa wamekufa, lakini walikuwa na tarehe. Hilo ndilo lililonivuta. Huko Japani, mtawala mmoja alisalitiwa na jemadari wake akafia ndani ya hekalu lililokuwa likiwaka moto. Mwili wake haukupatikana, lakini siku yake inajulikana. Padri mmoja Mwitalia alishuka pwani ya China, akaanza kujifunza lugha ya huko, asirudi kwao tena. Na siku aliyoshuka imeandikwa vilevile.

Kisha nikafika Oktoba. Mwaka ule Papa wa Roma alirekebisha kalenda iliyokuwa imeachana na jua. Katika nchi zilizomtii mara moja, watu walilala tarehe nne Oktoba wakaamka tarehe kumi na tano. Siku kumi hazikuwapo. Mtawa mmoja wa Uhispania, ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu, alikata roho usiku uleule, katikati ya tarehe hizo mbili.

Nilimsomea fundi kwa sauti. Akaweka simu chini.

"Sasa mama aliyetakiwa kujifungua tarehe saba, alingoja?"

"Alijifungua. Ila tarehe ilikuwa nyingine."

"Basi ni maneno ya karatasi tu, dada. Mtoto alilia siku aliyolia."

Alicheka, akarudi kwenye simu yake. Mimi niliusoma tena mstari ule. Tarehe ya kifo cha baba yangu ilikuwa ndani ya siku zile kumi. Najua kwamba 1582 si mwaka wake. Najua kwamba kwa miaka yote mingine siku hizo zipo. Lakini tarehe ile niliitunga mimi, na nilipoiona imeangukia kwenye shimo la kalenda nilihisi kwamba mtu amenikamata mkono.

Mimi na Mama tulitengana na Papa, ndivyo nilivyomwita baba yangu, huko Kivu nilipokuwa na miaka sita. Watu wote wa mtaa walikuwa wakikimbia. Tulikuwa tumefika njia panda alipokumbuka kopo la bati la maziwa alimoweka kadi zetu za ubatizo. Akasema, "Endeleeni, nitawakuta." Nakumbuka mgongo wake tu, bega moja limeshuka kuliko lingine.

Miaka yote iliyofuata, njiani na hata tulipofika Durban, Mama alimwekea Papa chakula. Kila jioni alipakua sehemu yake katika bakuli la enameli, akafunika na sahani. Asubuhi tulikila sisi, kimepoa, bila neno. Wamama wa Kikongo wa parokia walimhurumia, lakini hawakuweza kumfanyia kilio. Kwetu matanga yanataka siku. Bila siku, padri ataandika misa gani, na mjane ataanza kuhesabu miezi ya nguo nyeusi kutoka wapi?

Mwaka 2008, nikiwa na miaka kumi na tano, nilimsindikiza Mama kwenye ofisi ya wakimbizi kutafsiri. Nilijaza fomu kwa mwandiko wangu bora kabisa. Kila kisanduku kilikuwa kimejaa, safi, hakuna herufi iliyogusa mstari. Tukafika kwenye mume: yuko hai au amefariki? Mama alikuwa akifunga na kufungua ncha ya kitenge chake.

"Mwambie hatumuone tena."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba amefariki. Mwenye dawati akauliza, kwa upole kabisa, lini.

"Anauliza nini?" Mama akasema.

"Anauliza siku."

"Mwambie sijui."

Sikumwambia. Naandika hili waziwazi kwa sababu sijapata kisingizio cha maana. Hakuna aliyenilazimisha. Ni kwamba kisanduku kilikuwa kimoja tu kilichobaki, na sikuweza kuvumilia kukiacha kitupu. Nikataja siku ya Oktoba. Sitaiandika hapa.

Nje, tukingoja taa za barabarani, roboti kama wasemavyo Durban, ili tuvuke, Mama akaniuliza nilijibu nini. Nikamwambia nilitaja tarehe.

"Uliikumbuka?"

Nilikuwa mtoto wa kusifiwa kwa kukumbuka. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akakaa chini ukingoni mwa barabara, akalia kwa mara ya kwanza tangu njia panda. Juma lile wamama walijaa kwetu Cato Manor. Walikaa kilio, Mama akanyolewa nywele, akavaa nyeusi mwaka mzima, akaivua. Na kila Oktoba tukafanya kumbukumbu, kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu na misa. Bakuli la enameli lilipanda juu ya kabati. Alianza kucheka tena, na alinenepa. Nilimpa mauti, yakamponya.

Baada ya zile kurasa nne, Papa alianza kuonekana. Sisemi ni mzimu. Nasema niliona mabega. Bega moja limeshuka, penye roboti, kwenye foleni ya mkate, kwenye ngazi za kanisa. Siku moja nikiwa kwenye taksi nilimwona kule Mobeni, mtaa wa viwanda, akitembea kando ya ukuta wa ghala, ameshika kitu kinachong'aa kama kopo. Nilipiga kelele dereva asimame. Nilimfuata mpaka getini. Akageuka: mzee wa Kizulu na kopo lake la rangi. Akaniuliza kama niko sawa, nami nikaomba radhi, nikatembea kurudi mjini kwa zaidi ya saa mbili kwa sababu niliogopa kupanda taksi nyingine na kuangalia dirishani.

Nilijiambia kwamba nimemfungia mtu mlangoni. Aliye na tarehe ya uongo hawezi kufa siku ile, na hawezi kufa siku nyingine, maana kisanduku chake kimeshajazwa.

Oktoba 2014, asubuhi ya kumbukumbu, tulikuwa jikoni. Mama alikoroga sombe, mimi nilikata vitunguu, vipande vyote sawasawa.

"Mama. Ile tarehe ya Papa niliitunga."

Hakuacha kukoroga. "Ya wapi?"

"Ya ofisini. Sikukumbuka kitu. Nilikuwa na miaka sita."

Kijiko kikazunguka mara mbili, tatu.

"Kwa hiyo siku ile hakufa."

"Sijui, Mama. Labda alikufa siku nyingine, labda..."

"Minakuuliza kitu kimoja tu. Nani alikuambia amekufa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kwa kofi hata, na nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha kwa utaratibu. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa.

"Hakuna aliyeniambia."

Akazima jiko. Akanawa mikono polepole mpaka kwenye viwiko.

Wamama walifika saa sita na viti vyao vya plastiki na vicheko vyao. Mkubwa wao akafunga kilemba, akaanza: "Tumwombee marehemu baba wa nyumba hii..." Mama akainua mkono.

"Leo tusiseme marehemu."

"Eish, tuseme nini sasa, mama?"

"Semeni jina lake tu."

Walitazamana. Kisha walilisema, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoita mtu aliye chumba cha pili. Nilipotoka kuleta maji nilikuta Mama amepanda juu ya kiti, anashusha bakuli kutoka kabatini. Aliliosha mara mbili. Hakunitazama.

Mwaka huu wa 2015 tulirudi ofisini kubadilisha makaratasi, na fomu ilikuwa mpya. Nilipofika kwenye kisanduku kile kalamu ilivuja, ikaacha doa jeusi pembeni. Sikuomba fomu nyingine.

"Anauliza nini?" Mama akasema.

"Anauliza siku."

"Mwambie sijui."

Nikamwambia hatujui.

Jioni Mama hupakua. Ugali kidogo, sombe, kipande cha samaki, sahani juu. Amekonda tena. Hajanilaumu hata mara moja, wala hajacheka sana. Asubuhi mimi ndiye wa kwanza kuamka, na mimi ndiye ninayekila kile chakula, kimepoa. Lakini kabla ya kukigusa huinua sahani polepole na kuangalia kwanza kama kimepungua.