Picha za sakafu

Mimi ni dalali: leo nimepiga picha za nyumba nzima ninayoiuza, na zote zimetoka sakafu tupu!

Kumbe kamera mpya ilikuwa inainama polepole kwenye miguu yake mitatu, na jua likanizuia kuona picha kwenye kioo chake.

Nikazituma hivyo hivyo kwa mnunuzi, bila kuziangalia.

Mama Chantal, mwenye nyumba, anayeiuza ili ahamie Kasaji kwa binti yake, akaziona, akacheka: "Tata, unauzisha nyumba ao simenti?"

Mnunuzi ni baba ambaye nyumba yake ilizama baada ya jirani kutoboa sakafu yake na kuchimba kobalti hadi chini ya nyumba hiyo, kisha mtaa mzima ukafukuzwa.

Simu ikalia: ni mnunuzi. Nikajiandaa kuomba radhi.

"Ni hii picha nilikuwa natafuta! Hakuna mwenye alichimba humo. Kesho nakuya na bibi yangu, mama ya watoto, tuione."

Mama Chantal ameshika ufagio: "Tata, piga tena na sakafu ya jikoni, nimeifagia!"

Ndugu wa Kolwezi, ninyi mngeangalia wapi kwanza?