Mdomo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliishi nyumbani kwangu Igoma miezi saba, na karibu muda wote huo sikuwahi kuuona mdomo wake. Najua kwa kijana wa leo hili ni jambo la kuchekesha. Siku hizi watu wanakaa meza moja na wakwe zao, wanapiga nao picha, wanataniana. Sisi hatukuwa hivyo. Kwao Magu, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na yeye akishika njia hii wewe unashika ile. Mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, lakini nilioa kwa ng'ombe na nikafundishwa masharti kabla sijakabidhiwa mke. Niliyashika. Nilijivunia kuyashika, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia.

Alikuja kwetu kwa sababu ya moyo. Tangu usichana mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi vizuri. Daktari alisema huenda ni homa za koo za utotoni zilizoachwa zijiponee zenyewe. Kule kijijini alifika mahali hawezi kubeba ndoo ya maji mpaka nyumbani bila kuketi mara tatu. Mke wangu akasema mama aje mjini awe karibu na kliniki. Nikasema aje. Nilimpenda yule mama. Siku ya mahari, wajomba walipotaka kunikaba, yeye alituma neno kutoka jikoni kwamba kijana asichoshwe, ana safari ndefu.

Shida ilikuwa nyumba. Tuna vyumba viwili na baraza, na baraza ndiyo ofisi yangu, maana mimi ni fundi cherehani. Mke wangu hufuata mchele Magu na kuuza sokoni Mkuyuni, kwa hiyo tangu Jumatatu mpaka Ijumaa mara nyingi hayupo. Watoto wako shule. Tukabaki watu wawili wasiotakiwa kuonana. Nikashona pazia zito kwa vipande vya kitambaa cha sare za shule, nikalitundika mlangoni. Yeye akakaa ndani kwenye mkeka, mimi nje kwenye cherehani, tukazungumza kutwa bila kuonana. Alipotaka kwenda uani alikohoa kwanza, mimi nikageukia ukuta, naye akapita amejitanda kanga mpaka puani.

Alikuwa na maneno yake. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni, basi. Mengine yote tuliongea Kisukuma.

"Baba," aliniita siku moja kutoka ndani, "leo unashona nguo ya nani?"

"Ya bwana harusi, mama."

"Mwachie nafasi kiunoni. Akishaoa atanenepa."

Niliacha nafasi, na bwana harusi akaja kulalamika kwamba suruali inampwaya. Nilipomsimulia mama alicheka mpaka pumzi ikamkatika, nikaogopa, nikasimama pale nje ya pazia nimeshika mkasi, sijui niingie au nisiingie. Sikuingia. Baadaye pumzi ilimrudia mwenyewe.

Jino lake sikuliona, nililisikia. Ukikaa na mtu nyuma ya pazia unamjua kwa sauti. Alianza kufyonza hewa kila anywapo maji ya mtungi. Muwa, ambao alikuwa anautafuna asubuhi mpaka mchana, akauacha. Kisha harufu ya karafuu ikaanza kunifikia hata upepo wa ziwa ukivuma. Asubuhi moja, baada ya yeye kusukutua pale bombani, nilikuta mate yenye damu juu ya vumbi. Nilitazama huku na huku kama mwizi, nikayafukia kwa kandambili. Siku ya pili nikayafukia tena. Siku ya tatu nilinunua karafuu dukani, nikaziweka kwenye kigoda karibu na pazia bila kusema neno. Mkono ukatoka, ukazichukua.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Karafuu zikiisha, kigoda kilisogezwa mlangoni, nami nilijua. Niliona ninamtunza. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Kliniki alikuwa anampeleka mke wangu. Mwezi ule, lori la mchele lilikuwa linapakia Magu na zamu ya kulisimamia ilikuwa yake, akaniomba nimpeleke mimi. Tulipanda bajaji, mimi mbele na dereva, nimebanwa goti moja nje, mama peke yake nyuma. Dereva alituuliza kama tumegombana.

Daktari alikuwa binti mdogo, mgeni wa mji, Kisukuma hana. Akamwamkia mama vizuri kwa shikamoo, mama akaitikia marahaba ndani ya kanga, na Kiswahili kikaishia hapo. Ikabidi nitafsiri. Nilikaa nimegeukia kalenda iliyotundikwa ukutani, nikawa napokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule. Miguu inavimba? Haivimbi. Analalia mito mingapi? Miwili. Dawa anakunywa? Anakunywa.

"Muulize kama ana jino bovu," daktari akasema, "au fizi zinatoa damu. Ni muhimu sana, baba. Wadudu wa kinywani wakiingia kwenye damu, kwenye moyo mzima wanapita tu. Kwenye moyo kama wake wanapata pa kukaa."

Nilielewa kila neno. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, kwamba nilielewa. Ningekuwa mjinga ningejisamehe. Lakini kumwuliza mama wa mke wangu habari za mdomo wake, meno yake, damu yake, ulimi wangu ulikataa. Niliona bora nimwulize kama bado anapata hedhi. Nikaitazama ile kalenda, nikamwambia kwa Kisukuma: "Daktari anauliza kama chakula kinapita vizuri."

"Kinapita, baba."

"Anasema hana shida," nikamwambia daktari.

"Mwambie afungue mdomo nimwangalie."

Nikaanza kusoma tarehe za kalenda. Mama hakuhitaji tafsiri, kwa sababu daktari alikuwa ameshika kitochi na ameuelekeza mkono usoni kwake. Akaivuta kanga juu zaidi. Nje kulikuwa na foleni, watoto wanalia. Daktari alinitazama, akamtazama mama, akashusha pumzi, akaandika kikaratasi cha kwenda chumba cha meno. "Ni hapo chini tu. Mpeleke leo, kama si leo kesho."

Chumba chenyewe tulikipita. Niliona kibao chake. Nilijua nikiingia nitasimama pale nikitafsiri huku mdomo wake uko wazi mbele yangu, nikajiambia mke wangu atarudi Ijumaa, atampeleka yeye, mtoto wake wa kumzaa. Nikakikunja kile kikaratasi, nikakitia mfukoni mwa shati, tukatafuta bajaji.

Ijumaa mke wangu alirudi mgongo unamuuma na gunia moja limelowa. Akauliza, "Daktari kasemaje?"

"Kasema anaendelea vizuri."

Nilitaka kuendelea. Naapa nilitaka. Lakini ili nimwambie habari ya jino ilinibidi nimwambie nimejuaje, kwamba nimekuwa nikitazama mate ya mama yake asubuhi. Nikaona haya. Kikaratasi nilikuwa nimekiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini, na kila nilipobadilisha uzi nilikiona. Nikasema kesho. Kesho ikawa sare za shule, watoto wanafungua, wazazi wananisimamia kichwani.

Homa ilianza kama mchezo. Jioni alitetemeka, asubuhi akaamka mzima. Tulimpima hapo zahanati: malaria hakuna, taifodi ipo kidogo. Huku kwetu taifodi huwa ipo kidogo kila mara. Akapewa vidonge, homa ikaondoka, tukashukuru Mungu, siku ya nne ikarudi. Akapewa vingine. Nyuma ya pazia akawa haulizi tena nashona nguo ya nani. Kigoda hakikusogezwa mlangoni, nami, mjinga wa kutupwa, nikafikiri jino limepona.

Alipovimba miguu na kushindwa kulala chali, mke wangu aliacha biashara na tukampeleka hospitali kubwa. Wakampima moyo kwa mashine ile ya picha. Wakaona kitu kimeota juu ya ule mlango mbovu, kidonge cha uchafu kinachochezacheza damu ikipita. Wakamlaza.

Siku ya pili alipita daktari mtu mzima, mwenye mvi. Mke wangu alikuwa ametumwa dawa nje. Yule mzee alimsogelea mama, akanigeukia. "Baba, kitochi changu kimezima. Niwashie tochi ya simu yako, unimulikie hapa."

Niliwasha. Nilinyoosha mkono kuelekea kitandani, na uso nikaugeuzia ukutani, kama nilivyozoea.

"Baba," daktari akasema, "unamulika ukuta."

Nesi alicheka kidogo. Nikageuka. Kanga ya mama walikuwa wameishusha ili wamsikilize kifua, mkono mmoja umefungwa dripu, na mkono wa pili ulikuwa unapapasa shuka. Ukapata ncha ya kanga. Daktari alikuwa ameshamfungua mdomo kwa kijiti, hakuna tena cha kuufunika. Basi mama akajifunika macho.

Niliona. Magego mawili ya chini yalikuwa yamekwisha kabisa, yamebaki mashina meusi, na fizi pembeni imevimba imetunga usaha. Kipande cha karafuu kilikuwa bado kimekwama hapo. Ilikuwa karafuu yangu.

"Haya yana muda," daktari akasema. "Hakuna aliyewahi kumwuliza?"

"Aliulizwa."

"Akasemaje?"

"Niliulizwa mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Labda ameona wengi. Alisema hawezi kuapa kwamba ugonjwa umepita kwenye magego hayo na si kwingine, lakini wadudu waliowapata kwenye damu yake ni wa kinywani, na ile dawa tuliyompa huku na kule iliwafukuza nusu nusu mpaka wakajificha. Kisha akaendelea na kitanda kingine.

Mke wangu alirudi na mfuko wa dawa. Nilimwambia pale pale kwenye korido, watu wanapita na machupa ya uji. Nilimwambia yote: mate, karafuu, kalenda, kikaratasi. Alinisikiliza akiwa ameubeba ule mfuko kifuani kwa mikono miwili.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Mimi ni mwanaye. Mimi ningemfungua mdomo."

Aliingia wodini akakaa na mama yake.

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wamemlaumu mgonjwa peke yake. Mama naye alificha, ni kweli. Alimwambia mke wangu siku zile za wodini kwamba kijijini walimwonya mwenye moyo mbovu asikubali kung'olewa jino, atakufa kwenye kiti. Lakini mama hakujua kwamba ubaya wa jino unaweza kufika moyoni. Mimi nilijua, nikamfichia, tena kwa bidii, kwa kandambili.

Alifariki wiki ya tatu ya dripu, saa nne asubuhi, mke wangu akimpa uji kwa kijiko. Mimi nilikuwa nje ya wodi, kwa sababu alikuwa anakula.

Tulimzika Magu. Baada ya kuzika, kaka yake mkubwa alisimama kushukuru watu, na akanitaja. Alisema mkwe huyu wa mjini amewaaibisha hata vijana wa hapa kijijini. Miezi saba nyumba moja na marehemu hakumvunjia heshima hata siku moja, hakumwona uso. Wazee wakaitikia. Mmoja akaja kunishika mkono. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka na wanawake. Aliinuka, akazunguka nyuma ya ghala la pamba, na hakurudi mpaka watu walipoanza kuondoka. Mimi nilikaa nikapokea sifa zangu. Ningesema nini pale mbele ya kaburi bichi?

Ni miaka miwili sasa. Pazia nimelitoa, nikalikata, limekuwa mifuko ya kuwekea vifungo. Mke wangu amerudi kwenye mchele. Hajanitupia lile jambo hata siku tuliyogombana kwa mengine, na nisingelalamika angenitupia.

Ila kila Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, anawapanga watoto barazani palipo na mwanga, anawasha tochi ya simu na kuwakagua mdomoni mmoja mmoja: magego, fizi, chini ya ulimi. Watoto wanalalamika, wanachelewa, hajali. Akimaliza wa mwisho anakuja kwenye cherehani yangu, anasimama mbele yangu.

"Fungua," ananiambia.

Nafungua. Anamulika kwa muda mrefu kuliko anavyowamulikia watoto. Mimi nafumba macho, mpaka nisikie amezima.