Sabuni ya Kuagia Meli

Nikiwasha mbabula, jiko langu la makaa, harufu ya chuma kinachopata moto hunirudisha kando ya mto, asubuhi ile meli kuukuu ya abiria ilipokuwa ikikatwa vyuma.

Mama alipanda na ndoo, ufagio na sabuni. Fundi akazima moto wake.

"Mama, lakini tunaivunja sasa hivi!"

"Bon, mungoje kidogo. Huyu mutoto nilimuzaa humu ndani, tukitoka Basoko. Sasa iende chafu?"

Akasugua sakafu yote, mimi nikimwaga maji. Mafundi walivua viatu, wakangoja ikauke.

Kisha wakamkatia kipande cha pale nilipozaliwa, na papa, baba yangu, akakitengeneza kuwa mbabula hii. Wanangu wote, uji wao wa kwanza ulichemkia hapa.