Siku Niliyofasiri Mkataba

Kampuni ya kuchimba madini ya betri iliniita hotelini Kampala nimfasirie mama mzee, mjumbe wa kijiji chetu huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Nilimkuta ameshachovya kidole gumba kwenye wino, tayari kuutia sahihi mkataba wa ardhi yetu.

"Mwambie tu mtajengewa shule," wakili wao aliniharakisha.

Nilisoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho. Shule ilikuwamo, lakini pia tungehama bila kudai sehemu yoyote ya mapato. Nikamweleza yote kwa lugha yetu.

"Na makaburi yetu, mwanangu?"

"Hayakutajwa, mama."

Mama alifuta kidole kwenye shuka lake, akasimama bila kutia sahihi. Wakili alinifukuza palepale. Kampuni haijarudi kijijini, lakini nikipigiwa simu na namba nisiyoijua, hudhani ni wao.