Poda ya Nyarkoa

Pale Suame, mtaa wa mafundi magari wa Kumasi, hata ukiweza kuivua injini na kuirudisha umefumba macho, huitwi fundi mpaka upakwe poda. Bwana wako aliyekufundisha kazi akusimamishe mbele ya wenzake, akumwagie poda nyeupe kichwani na mabegani. Bila hiyo wewe ni mwanafunzi, na mwanafunzi hapewi mwanafunzi. Nyarkoa Bemah alikuwa mwanafunzi akikaribia miaka hamsini.

Bwana wake wa kazi, Mzee Adusei, alikuwa ameshapanga sherehe na vinywaji vimeshaagizwa, akafa ghafla wiki ileile. Nyarkoa akabaki na kibanda, akafanya kazi, akazeeka nayo. Magari aliletewa, lakini akibishana na mtu kidogo tu, neno lilikuwa lilelile: "Huyo hajapakwa." Alikuwa na moyo wa kufundisha. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko kejeli zenyewe.

Asubuhi moja gari la mkate la Mama Dufie liliingia kibandani likigonga kwa sauti nzito kutoka chini ya injini. Bonsra, mkubwa wa mafundi wa mtaa wetu, alikuwa ameshalipima. Alisema beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zimekufa, injini ifunguliwe yote. Mama Dufie alikuja kutafuta jibu jingine, na Bonsra akamfuata nyuma aone nani atathubutu kulitoa.

Nyarkoa aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza.

"Beringi ni nzima. Hii ni puli ya krenki."

"Puli igonge hivyo?" Bonsra alicheka. "Dada, puli kazi yake ni kuzungusha mkanda."

"Hii ina vipande viwili, Fundi. Kitovu ndani, pete nzito nje, na katikati mpira unaomeza mtikisiko wa injini. Mpira ukichoka, pete inacheza."

"Mbona jana nilitega wakati wa moto wa plagi kwa alama ya puli hiyohiyo, ikakaa sawa?"

"Alama iko kwenye pete. Pete ikihama, inahama nayo. Imekudanganya."

Mafundi waliokuwa wamekusanyika waliguna. Bonsra akajifuta mikono polepole.

"Haya, mwanafunzi. Ukikosea, funga kibanda hiki ukauze kenkei za mahindi sokoni."

"Nikipatia?"

"Ukipatia nitakupaka poda kwa mkono wangu."

Alisema kama mtu anayeahidi kitu asichotarajia kudaiwa. Nyarkoa akatoa chaki mfukoni, akachora mstari mmoja kutoka kitovuni, juu ya mpira, hadi ukingoni mwa pete.

"Mama, washa. Kanyaga mafuta kidogo. Haya, zima."

Tuliinama wote. Mstari ulikuwa umekatika. Nusu ya ndani ilielekea juu, nusu ya nje imesogea pembeni.

"Pete imehama, sawa," Bonsra alisema. "Lakini kugonga kunaweza kuwa beringi bado."

"Ndiyo maana naibadilisha."

Alivua mkanda, akakaza krenki isizunguke, akaning'inia kwenye spana mpaka boliti ikalia na kuachia. Kifaa cha kuvuta puli alikifunga kwenye kitovu, si kwenye pete, maana ukivuta pete unavunja. Puli ilipotoka, mpira wake ulipukutika kama mkate uliolala. Akaleta puli mpya, akasawazisha mfereji wake na kibao kidogo cha chuma kwenye krenki. Mtu akamnyooshea nyundo.

"Rudisha," alisema. "Ukigonga hapa, beringi zitakufa kweli, halafu Fundi Bonsra atakuwa amesema kweli."

Hata Bonsra alicheka. Nyarkoa aliingiza puli kwa kukaza boliti kidogo kidogo, akarudisha mkanda, akatega moto upya kwa alama ya puli mpya, kisha akamwashiria Mama Dufie.

Injini ikawaka, ikatulia. Mlio ule mzito haukuwepo. Bonsra akaondoka, na mimi nikafikiri ametoroka. Alirudi na kopo la poda.

"Haiwezekani," fundi mmoja alimwambia. "Wewe si bwana wake."

"Mimi nilipakwa na nani?" Bonsra aliuliza. "Si Adusei? Poda iliyo mkononi mwangu ni ya kwake. Simama wima, Nyarkoa."

"Taratibu, Fundi. Isiniingie machoni."

"Itakuingia. Nasi ilituingia."

Akammwagia yote, kichwani, mabegani, juu ya ovaroli iliyojaa grisi. Nyarkoa alisimama kama askari. Hakujipangusa. Mchana alipita sokoni kununua chakula akiwa mweupe vilevile, na muuza wali akamuuliza nani amempaka.

"Mzee Adusei," alijibu, akanyoosha sahani yake.