Simba wa Matawi Makavu

Enzi zetu pale Igogo, nyumba ilipambwa kwa miguu. Mlitembea mpaka ziwani kukata mafunjo, mkapita kwa majirani kuomba maua, mkarudi mnanuka matope, na bado mama aliuliza, "Sasa hayo mafunjo mlishindwa kuyaosha huko huko?"

Nakumbuka zaidi Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Baba, Mhaya aliyelelewa misheni, alikuwa na desturi yake: kabla ya mfungo watoto tule nyama, tucheke, na tuvae sura za bandia ili wageni wahangaike kukisia nani ni nani. Tulizitengeneza kwa karatasi za mifuko ya saruji, tukazigandisha kwa uji wa muhogo na kuzianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria, nyekundu ilikuwa vumbi la tofali. Wajukuu wangu wakisikia neno barakoa wanafikiria mafua.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kuwa simba. Dada yangu Anastazia alikuwa malkia, kama kila mwaka. Sebule ilishapendeza: mafunjo kila pembe, minyororo ya karatasi za magazeti ikining'inia toka dirishani hadi kwenye saa ya baba. Simba wangu tu ndiye aliyekuwa kipara.

Nyuma ya mlango wa chumba cha mama kulikuwa na kapu. Mama aliongoza jumuiya yetu, na wiki nzima majirani walimletea matawi yao makavu, yale yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita na kukaa ukutani nyuma ya msalaba. Katekista angeyafuata, ayachome, na majivu yake ndiyo tungepakwa Jumatano. Nilijua. Sitasingizia utoto. Nilichukua tawi moja, nikalichana, lakini tawi moja kwa simba ni sharubu tu. Nikachukua la pili. Malkia naye akasema taji lake limepwaya. Tulipoinuka, kapu lilikuwa tupu, na mabaki tuliyatundika juu ya mlango.

Wageni wakaja, ndizi na nyama zikapakuliwa. Saa kumi akaingia katekista.

"Shikamoo, Mwalimu!" tukamwamkia chini ya masizi.

"Marahaba. Mama, nimefuata mzigo wangu."

Mama akaenda chumbani. Alirudi na kapu, mkono mmoja kifuani.

"Waitu, jamani! Matawi ya watu!"

Mama aliwatazama majirani, akatazama juu ya mlango, kisha akanitazama mimi. Hapo nikaelewa nilichofanya: nimemwaibisha mbele ya watu waliomwamini, na kesho kigango kizima kingekosa majivu kwa ajili ya shingo ya simba. Machozi yakalainisha ule uji wa muhogo, pua ikabanduka.

Katekista akanisogelea, akashika manyoya yangu.

"Huyu simba ni wa jumuiya gani?"

"Ya hapa hapa, Mwalimu."

"Kumbe Mkatoliki. Amekula matawi ya nani?"

Jirani yetu wa nyumba ya juu, bibi mmoja mjane, akainama kunikagua. "Langu hilo hapo sikio la kushoto. Nililifunga uzi mwekundu."

"Na mimi nipo kwenye taji!" akasema mwingine, na nyumba ikaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Utayatoa mwenyewe, moja moja," aliniambia. "Na kila mtu utamwomba radhi. Uso wazi."

Nikavua usimba wangu. Nikazunguka kwa kila mgeni, nikipiga goti na kuomba radhi, huku Anastazia akinifuata na taji lililobomoka. Majani mengine yalikataa kubanduka. Katekista akasema hamna neno, akabeba kichwa cha simba chote kwapani, akaenda kukichoma pamoja na mengine.

Kesho yake asubuhi, tukitoka kupakwa majivu, mama aliniinamia, akanitazama paji la uso. "Simba wako anakuwasha?" Akacheka, kidogo tu. Nikajua nimesamehewa.

Siku hizi wajukuu wangu wa Mkolani wanapamba sebule kwa robo saa. Maputo yanakuja na pampu yake, sura za bandia zinatoka dukani ndani ya nailoni, kesho yake vyote vinaingia kwenye pipa. Siwalaumu. Wanacheka vizuri, na namshukuru Mungu kwa kicheko chao. Ila kila Jumatano ya Majivu, nikisimama kwenye foleni ndefu katika kanisa kubwa la sasa, huwa najiuliza yale majivu yametoka kwenye ukuta wa nani. Natazama kushoto na kulia, nawaona watu wema, wamevaa vizuri, na majina yao siyajui. Leo nikiwakosea, sijui nitaanza kubisha hodi kwa nani.