Mwanangu Aliniita Mchawi kwa Kiebrania

Umewahi kuitwa mchawi na mtoto uliyemzaa mwenyewe, tena kwa Kiebrania?

Mimi nimeitwa. Mezani kwangu, kijiko mkononi.

Mnivumilie, mimi ni bibi, nina mwendo wangu. Nikiruka kitu, habari yenyewe inapinda.

Nyumbani tupo watatu. Mimi, mwanangu ambaye ni fundi wa majokofu, na binti yake tunayemwita Kiroboto, maana kutembea hajui, anajua kuruka tu. Mama yake alifia hospitalini, kwenye upasuaji mdogo ambao kila mtu alisema ni wa kawaida. Tangu hapo mwanangu akinusa tu harufu ya wodi, uso unambadilika.

Kiroboto ana kifafa.

Nalisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Ana kifafa na ana dawa. Kidonge asubuhi, kidonge jioni.

Kumeza kulimshinda. Kila kikifika kooni anakirudisha. Nesi wa zahanati akanionyesha namna: weka kidonge kwenye kijiko, kandamiza kwa kijiko kingine, zungusha taratibu mpaka kiwe unga, tia maji ya sukari. Nikazoea. Hata chembe haimwagiki.

Kwa dawa hizo mtoto alikaa muda mrefu bila kuanguka. Akaanza mpaka kuruka kamba na wenzake.

Jioni hiyo nakandamiza kidonge, mwanangu kaingia na simu mkononi. Hata viatu hakuvua.

"Mama, weka hivyo vijiko chini."

"Kuna nini?"

"Weka chini kwanza."

Nikaweka.

Akanisomea ule mstari wa kitabu cha Kutoka unaosema mwanamke mchawi asiachwe hai. Nikamwambia naujua, nimeusikia tangu sijaota meno ya utu uzima.

"Hiyo ni tafsiri, mama. Mimi nimeingia kwenye asili."

Kwenye ile simu, ukibonyeza neno linafunguka. Linatokea la Kiebrania, na chini yake maana zimerundikwa kama nguo za mnada, chagua inayokutosha.

"Mekhashefa," akasema, kakaza koo kama anataka kutema. "Maana yake mwanamke anayekatakata na kusaga dawa. Umeona? Anayesaga dawa, mama."

Akatazama vijiko vyangu.

Na mimi nikavitazama.

"Kwa hiyo mimi ni mchawi?"

"Sijasema mimi. Kiebrania ndicho kimesema."

Jamani! Miaka yote naitwa mama, siku hiyo nikapandishwa cheo.

Akachukua pakiti nzima ya vidonge. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mungu aliyefanya miujiza Misri hajafa. Tutamwamini yeye. Na ukimpa mtoto dawa kwa kificho, nahama naye mji huu. Utatusikia kwa simu tu."

Hapo alinishika pabaya.

Zahanati ningeenda, nesi ningemlilia, vidonge ningepata. Lakini Kiroboto hajui kuficha kitu. Ukimuuliza, anakumwagia yote na ya jirani juu yake. Na akihamishwa, akianguka ugenini, nani atamlaza ubavu? Nani atamwekea kanga chini ya kichwa?

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa uchungu, lakini nilinyamaza.

Haikupita muda, mtoto akaanguka bombani. Kidevu kikapasuka kwenye ukingo wa ndoo.

Akaanguka darasani.

Akaanguka jikoni, na hiyo ya jikoni ilichukua muda mrefu mno. Alipozinduka mimi nilishaanza kumlilia kama msiba.

"Imani inajaribiwa," mwanangu akasema.

"Inajaribiwa kwa kidevu cha nani?"

Akatoka nje, kama afanyavyo kila mtoto akianguka.

Sasa mimi adui yangu nilishamjua. Ni mchungaji. Nani mwingine angemtia mwanangu mambo ya Kiebrania kichwani? Fundi wa majokofu huyu!

Nikavaa gauni langu la heshima nikamfuata kanisani. Nikamkuta anapanga viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine.

"Mchungaji, shikamoo sikupi, leo nimekuja na vita. Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu kwamba mimi ni mchawi?"

Viti vikamponyoka, vikatawanyika sakafu nzima.

"Mimi? Bibi, mimi Kiebrania sijui hata salamu! Mwanao ndiye anayetufundisha sisi. Kila Jumatano anakuja na neno jipya, watu wanaandika. Hata mimi naandika!"

"Na hili la dawa hukumkataza?"

Akashusha sauti. "Ningemkataza kwa lipi, bibi? Chuoni somo hilo nililikwepa. Angeniuliza asili inasemaje, ningejificha wapi?"

Nikakaa kwenye kiti kimojawapo.

Kumbe mwizi namtafuta mtaa wa pili, naye analala chumba cha pili.

Mchungaji alinisaidia kitu kimoja. Alinielekeza kwa mama mmoja mstaafu aliyefundisha Kiebrania chuo cha theolojia, wanamwita Madam. Alisema watu wote wa mambo hayo wanamwogopa.

Nikarudi kwa mwanangu.

"Twende kwa anayejua. Akisema upo sahihi, sigusi tena kijiko cha dawa mpaka naingia kaburini. Akisema hujui, unarudisha vidonge."

Akakubali mbio mbio. Alikuwa na hakika kama mtu aliyeshika ufunguo.

Madam ni mama mnene, magoti yanamsumbua, miguu kaiweka juu ya stuli. Vitabu vimejaa mpaka kwenye viti, tukavihamisha ndipo tukapata pa kukaa. Biblia ya Kiebrania iliyokuwa mapajani mwake inafunguliwa kwa nyuma, mwisho wetu ndio mwanzo wake. Kiroboto akakaa kwenye zulia na plasta yake kidevuni.

Mwanangu alijieleza vizuri, haki yake simnyimi. Akalitamka lile neno.

"Punguza mate, kijana," Madam akasema. "Lakini neno ni hilo."

"Na maana yake?"

"Wapo wataalamu waliodhani limetokana na kukata majani ya dawa. Wapo waliokataa. Mimi nimelifundisha mpaka meno yamelegea, na nakwambia kweli: hakuna anayejua kwa hakika."

"Kwa hiyo inawezekana nipo sahihi!"

"Inawezekana."

Nimejipalia makaa kwa mikono yangu mwenyewe. Kaapa nani? Mimi. Kaleta watu huku nani? Mimi.

Mwanangu kasimama. "Umesikia, mama? Twendeni."

"Nani kakwambia usimame?" Madam hakupandisha sauti hata kidogo. "Umebonyeza neno moja, baba. Neno moja ni kama kifungo ulichookota njiani. Hakikwambii kilitoka shati gani. Neno hilo hilo ndilo linalowaita wachawi wa Farao. Kama jina lao hatulielewi, si tutazame kazi yao? Keti."

Akaketi.

Madam akasoma. Kidole kinatoka kulia kinakwenda kushoto, sauti nzito, pole pole. Kisha akatueleza kwa lugha yetu: Haruni alinyoosha mkono, vyura wakapanda kutoka majini, wakajaa nchi nzima. Wakaingia kwenye majiko. Wakaingia kwenye vyombo vya kukandia unga.

"Hata kitandani kwa mfalme?" Kiroboto akauliza.

"Hata kitandani kwa mfalme, mjukuu wangu. Imeandikwa."

Mtoto akacheka mpaka akashika plasta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke jikoni.

"Wachawi nao wakafanya yao," Madam akaendelea, kamkazia macho mwanangu. "Wakaleta nini?"

"Vyura."

"Nchi imefurika vyura, wao wakaongeza vyura! Uwezo walikuwa nao, sibishi. Lakini hatusomi kwamba waliondoa hata mmoja. Mfalme mwenyewe aliwaacha akamwita Musa, akamwomba vyura waondoke. Sasa nikuulize. Tangu uchukue vidonge vya huyu mtoto, vyura wake wameongezeka au wamepungua?"

Mwanangu akatazama ile plasta. Akatazama sakafu.

"Nikuulize la pili. Musa akamwambia mfalme, haya, niombe lini? Unadhani alijibu nini?"

"Sasa hivi."

"Alijibu, kesho."

Mwanangu akacheka. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Kesho? Na vyura kitandani?"

"Hilo neno halina ubishi. Mwanafunzi mgeni kabisa analisoma. Na ndilo linalonitisha kuliko lile gumu lako. Labda alitumaini kukicha watakuwa wameondoka wenyewe, asimnyenyekee mtu. Sijui. Wewe unaonaje?"

Feni tu inazunguka.

Mwanangu akafunika uso kwa viganja.

"Mimi nilisema leo," akasema.

Hatukumwelewa.

"Mke wangu aliniuliza. Upasuaji aende leo, au asubiri apate nguvu kidogo. Nikamwambia nenda leo. Nilimbebea mkoba mpaka mlangoni. Mimi ndiye niliyesema leo."

Mungu wangu!

Tumeishi nyumba moja, tunakula meza moja, nami sikuwahi kulisikia hilo. Nilidhani mwanangu kalewa dini. Kumbe alikuwa hathubutu tena kuamua jambo la mtu anayempenda. Alitaka lipatikane neno, la zamani, zito, ambalo hakuna wa kulibishia, limwamulie.

Madam akafunga kitabu taratibu.

"Humu hutalipata, baba," akasema. "Nimetafuta na mimi. Nilizika mtu wangu pia."

Kisha akamgeukia mtoto. "Na wewe, mwenye vyura wako. Wewe unataka nini?"

Kiroboto akamtazama baba yake. Akatazama zulia.

"Sijui," akasema.

Tukaondoka. Tulipita zahanati kwanza, maana dawa ikikatizwa hairudishwi kienyeji. Nesi alimgombeza mwanangu mbele ya foleni nzima, akanigombeza na mimi kwa kunyamaza. Kisha akatuandikia namna ya kuanza upya.

Nyumbani mwanangu akaingia kwenye karakana yake. Ile pakiti aliificha ndani ya jokofu bovu ambalo mteja wake hakulifuata tena. Akaja nayo, akaiweka mezani.

"Mama, saga."

Sikushika kijiko.

Sasa nyinyi mnaonisoma, niwaambie nililojifunza, nami nimesoma shule ya msingi tu. Andiko takatifu silidharau, nalala nalo kichwani. Lakini tulikuwa tunabishana juu ya mwili wa mtoto kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja nyumbani anayeijua, na mwenye mwili amekaa hapo hapo, anasikia, na ana mdomo. Mwanangu hakumuuliza. Mchungaji hakumuuliza. Na mimi ninayejiita bibi yake, niliyemsagia asubuhi na jioni, sikumuuliza hata siku moja. Mgonjwa wenu ana macho na masikio. Kabla hamjamfungulia vitabu, mfungulieni mlango aseme.

Basi nikamwambia mwanangu, "Muulize mwenyewe. Pale kwa Madam aliogopa watu."

Akachuchumaa, macho yakawa sawa na ya mtoto.

"Kiroboto wangu. Nisamehe. Unataka nifanye nini?"

Mtoto akachezea ncha ya plasta. Akafikiri kwa muda, midomo inatembea kama anafanya hesabu.

"Nataka dawa," akasema. "Na nikianguka, usitoke nje, baba. Kila nikiamka namwona bibi peke yake. Nataka nikifumbua macho nikuone na wewe."